Maziwa ya Sechelela

Asubuhi ile tulikuwa tunapukuchua mahindi. Mdogo wangu Sechelela alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, akimnyonyesha Elia, mwanawe wa siku nane. Mtoto alizaliwa kabla ya mwezi wake. Alikuwa akivuta mafunda mawili matatu, anasinzia. Sechelela alimsugua wayo kumwamsha, akacheka.

Kwetu ni Ihumwa, ila msimu ule tulikodi shamba mbali, ng'ambo ya Kibaigwa, mahali ambapo wakulima na wafugaji waligombania ardhi kwa maneno, kisha kwa kesi, kisha kwa fimbo. Wiki iliyotangulia vijana wa upande wetu walikata ng'ombe miguu. Sisi wanawake tulisikia, tukanyamaza.

Mbwa walibweka. Kisha wakaacha.

Niliona moshi, na watu wakija kati ya mabua. Nikamnyakua Elia.

Sechelela alijikwaa. Nilipogeuka, panga lilikuwa limeshashuka begani mwake.

Aliinuka. Tukakimbia.

Tulijikusanya kwenye shule ya msingi. Katika chumba cha jirani waliwekwa wanawake wa kifugaji, ambao boma lao lilichomwa na watu wetu. Askari wawili walisimama katikati. Njia ilifungwa, gari la hospitali halikufika.

Mama Neema, nesi mstaafu aliyekuwa amekuja kumtembelea mwanawe, alimfunga Sechelela bega kwa kanga. Mkono haukuinuka tena. Homa ikapanda. Tulimlaza ubavu na kumwekea mtoto kwenye titi, lakini Elia alilamba tu, akachoka.

Mtu mmoja alitoa chupa ya mtoto kwenye mzigo wake. Mama Neema akaikataa.

"Moto wa kuchemshia uko wapi? Uchafu unajificha kwenye chuchu ya hiyo chupa. Nitafutieni kikombe kidogo, cha mdomo mpana."

Kikapatikana kikombe cha kahawa. Akakiosha kwa maji yaliyotiwa dawa, akanifundisha kumkamua mdogo wangu: vidole nyuma ya weusi wa titi, bonyeza, achia. Yalitoka matone, halafu kidogo zaidi.

"Mkalishe wima. Gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini. Usimmiminie, atapaliwa. Ngoja alambe mwenyewe."

Nilingoja. Ulimi ukatoka, ukagusa maziwa, ukarudi. Ukatoka tena. Kikombe kimoja kilituchukua karibu nusu saa, na mengine yalimwagika shingoni. Ikawa ndiyo kazi yangu: kukamua, kunywesha, kuosha. Sikuwa na nafasi ya kulia.

Siku ya tatu lori la askari likaja kuchukua majeruhi. Mama Neema alisema mtoto asipande lori lile la wazi, vumbi na baridi vitammaliza.

"Dada," Sechelela aliniita, "nikamue kabla sijaondoka."

Nikamkamua. Hayakufika nusu ya kikombe. Akaomba amshike Elia. Nikamwambia ndiyo kwanza amelala, tusimwamshe, utamshika ukirudi. Akatikisa kichwa kukubali.

Ilipofika mchana maziwa yalikuwa yamekwisha.

Mama Neema akaenda chumba kile cha wanawake wa kifugaji. Alirudi na mwanamke aliyebeba mtoto wa miezi kadhaa. Alimuuliza kuhusu vipimo vya damu. Yule mama akafungua pindo la shuka, akatoa kadi ya kliniki. Mama Neema akaisoma yote.

"Atamtilia sumu," mtu akasema nyuma yangu.

Mwanamke yule alikaa mlangoni, penye mwanga, akakamua mbele yetu sote. Kisha akakiinua kikombe, akanywa funda, akanipa.

Nilikipokea. Nikakigusisha kwenye mdomo wa Elia.

Alikuja hivyo siku nne, mara nyingi kwa siku. Mara moja tu alisema, "Mume wangu hajaonekana." Nikasema, "Pole."

Siku ya nne Elia alishika titi la yule mama, akanyonya hadi akalala. Siku hiyohiyo askari alituletea habari: Sechelela alikata roho njiani, lori halijafika hata barabara ya lami. Siku zote zile nilipokuwa namwambia Elia mama anakuja, alikuwa ameshakufa.

Tulitawanywa kwa malori mawili, letu likaelekea Kibaigwa, lao upande mwingine. Sikumuuliza yule mama kama mumewe alipatikana.

Sasa nauza nafaka sokoni Majengo. Elia yuko darasa la tatu, mfupi kuliko wenzake, na ananiita mama. Shamba lile limerudi kuwa pori. Halilimwi, wala hakuna anayelishia mifugo humo. Elia akiniuliza mama yake alikufaje, namweleza. Akiuliza nani alimkata, nasema sikuona uso, na ni kweli. Uso wa yule aliyempa Elia maziwa niliutazama siku nne, na jina lake silijui.