Hina ya Bi Rukia

Walisema sitafika mapokezi ya hoteli, seuze kuyamiliki. Mtaani kwetu Shella, Malindi, walisema binti wa muuza mahamri atatandika vitanda vya wageni mpaka mgongo upinde. Leo nina diploma ya hoteli niliyoisomea Maskati, na nyumba ya wageni yangu mwenyewe hapa Kilifi. Hakuna mume wala mjomba aliyenijengea. Najisifu, ndiyo. Nimeitolea jasho.

Lakini siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nikifungua mlango wangu.

Nilikuwa natandika vitanda hotelini chini ya Bi Rukia, msimamizi wa vyumba. Akiniita "mwanangu", kama ninavyokuita wewe. Kazi alinifunza, sikatai. Shuka nikiitandika mimi huoni mkunjo. Nafasi ikatoka mapokezi, nikaiomba. Bi Rukia akasema ataniombea dua.

Siku ya kuamkia mahojiano, bintiye Maimuna alikuwa akipambwa. Nilikuwa hodari wa hina, basi nikamchora biharusi tangu asubuhi. Nilipomaliza, Bi Rukia akamwambia mchoraji mwenzangu, "Mchore na huyu, mpaka viwikoni. Mwanangu asitoke hivihivi."

"Bi Rukia, mimi sijaolewa." Kwetu siku zile mikono ya namna ile ilikuwa ya biharusi au ya mke wa mtu.

"Wacha maringo, Hawa! Wataka kuniaibisha mbele ya wageni?"

Wanawake wakacheka, wakapiga vigelegele. Nikanyoosha mikono.

Asubuhi nikaingia kwenye mahojiano. Meneja alikuwa mtu wa bara. Kwake yale yalikuwa maua tu. Bi Rukia, aliyeketi kando yake, ndiye aliyemweleza.

"Huyu hodari, bwana meneja, lakini itazame mikono yake. Kwetu hii ni mikono ya biharusi. Mpe mapokezi leo, mwezi ujao mumewe atamtoa kazini."

Meneja akaniuliza kama ni kweli. Nikamtazama Bi Rukia. Alikuwa akitabasamu. Nitamkanushaje mtu mzima, mkubwa wangu, ambaye jana nimekula pilau yake? Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukachukuliwa kuwa ndiyo. Nafasi ikanipita.

Jioni, kwenye chumba cha shuka, nikamuuliza kwa nini. Wala hakukana.

"Na mimi nani atanitandikia vitanda? Miaka yote hii, mimi nani alinitoa hapa?"

Nikaenda Maskati. Huko nikapata bosi mwanamke mwingine, mkali, hakuniita mwanangu hata mara moja. Lakini alinipangia zamu za usiku kwa makusudi ili mchana nisome. Nilipofaulu, akaniondoa idarani kwake: "Nenda mapokezi. Hapa huna cha kujifunza tena."

Mwaka jana Bi Rukia alinijia Kilifi akishika fimbo, pamoja na Maimuna, ambaye ndoa ilikuwa imemshinda. "Mpe vitanda," akasema. "Vinamtosha."

Nikamuuliza Maimuna yeye ataka nini. Akamtazama mamake, akanyamaza. Kunyamaza kule nilikujua. Nikamwomba Bi Rukia, kwa heshima zote, atusubiri nje.

Mlango ulipofungwa, Maimuna akasema, "Mapokezi, dada Hawa."

Yuko mapokezi mpaka leo. Mamake nilimpa shikamoo yake na chai yake. Msamaha bado sijaupata wa kumpa.

Mwanangu, mkubwa wako mwanamke akikupenda, tazama mabinti waliopita mikononi mwake wako wapi sasa. Kama wote bado wanambebea mkoba, jifunze kazi yake, mshukuru, uondoke. Usimkimbie mkali kabla hujajua ukali wake unakusukuma wapi. Na ukiulizwa jambo la maisha yako, jibu kwa kinywa chako, hata kama mkubwa ameketi kando. Nami ninayekuita mwanangu, unipime vivyo hivyo.

Mungu akupe bosi atakayefurahi umemzidi. Na siku utakapokuwa bosi wewe, akunyime usingizi ukimzibia njia binti wa mwenzio.