Mgeni Asiyekunywa Maji

Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalize, kwa sababu haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, mimi mzaliwa wa Pongwe, tena mchana kweupe na akili zangu timamu.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa koplo jeshini, nikisimamia mahema ya wagonjwa huko jangwani, mbali kaskazini. Haikuwa hospitali. Wagonjwa walilala pale wakingoja lori la kuwapeleka kwa daktari. Maji yenyewe tuliletewa kwa mapipa, tukagawiana kwa kikombe.

Siku hiyo nilikuwa na wagonjwa wawili. Mmoja amevunjika mguu, analia kutwa. Wa pili ni Saidi, kijana wa Mkwaja, ana homa na amenyamaza kimya. Lori likaja limejaa, dereva akasema ana nafasi ya machela moja tu, na lori jingine ni keshokutwa. Wewe ungempakia nani? Mimi nilishaanza kumwinua yule wa mguu.

Hapo akaingia mwanamume mmoja, peku, ametoka huko mchangani. Nikamkaribisha, nikampa maji. Akakipokea kikombe, akakishika tu. Sasa, kwetu mgeni haulizwi jina wala atokako kabla hajanywa maji. Nami, niamini, nikakaa na ustaarabu wangu, nangoja anywe ndipo nimuulize.

"Mguu utangoja," akasema, kwa lafudhi ya kwetu kabisa. "Saidi hangoji. Mpakie yeye, mie n'tabaki pahala pake."

Sijui kwa nini nilimtii. Labda ni ile furaha ya kusikia sauti ya nyumbani. Nikampakia Saidi, lori likaondoka, na mgeni akajilaza kwenye kitanda cha Saidi.

Nilikwenda kumtuliza yule wa mguu, mara moja tu. Kurudi, kitanda kitupu. Blanketi limelowa chapachapa, maji yanachuruzika mchangani. Nikayaonja. Ya chumvi. Jangwani kuna bahari gani? Na kikombe changu kiko pale chini, kimejaa vilevile. Niliogopa, sikufichi.

Saidi alipona. Daktari alisema angechelewa hadi jioni tungemzika. Tuliporudi Tanga akanichukua kwao Mkwaja, nikamwamkia mama yake shikamoo, nikawasimulia. Saidi akainamisha kichwa, akanieleza. Alipokuwa mtoto bahari ilimchukua, na kaka yake Bakari, aliyekwisha kuwa mtu mzima, akajitosa, akamsukumia ufukweni. Bakari mwenyewe hakuonekana tena. Hawakupata hata mwili wa kuzika.

Mama hakulia. Aliniuliza jambo moja.

"Maji alikunywa, mwanangu?"

"Hapana, mama. Hakunywa."

"Basi yu njiani bado," akasema. Akainuka, akajaza maji kwenye kata, akaiweka mlangoni.

Mama yule amekwisha kufa. Mimi mpaka leo silali bila kuweka kikombe cha maji mlangoni, na wanangu wananicheka. Lakini wewe nakuonya. Akikujia mgeni, akakishika kikombe asinywe, achana na ustaarabu. Muulize jina lake na ujumbe wake kabla hajaondoka. Kuna mama mahali anangoja kuambiwa.