Sugu ya Begani

Sajini anayekagua wanaume pale kivukoni Adre, mpakani, huosha mikono kwanza kwa maji ya birika, hata foleni iwe ndefu vipi. Kisha huhamishia kokwa ya kola anayoitafuna shavu la kushoto, hufumba macho, na kubonyeza bega la kulia la mgeni kwa dole gumba. Mimi huandika majina kando yake, na sijawahi kumsikia akimuuliza mtu katoka wapi. Anatafuta sugu ya mkanda wa bunduki, ambayo huota upande mmoja tu. Mwezi jana mpiganaji mmoja alipenya katikati ya wakimbizi, na waliokuwa wakimwinda wakavuka mpaka nyuma yake, wakachoma mahema kumi na moja.

Leo dole gumba lilisimama juu ya bega la mwanamume aliyempakata mtoto. Sajini akafumbua macho.

"Hii ya nini, ndugu yangu?"

"Ya mti wa mzegazega, afande, wa kubebea madebe. Kwetu Jeneina nilikuwa nauza maji."

"Kila mwenye sugu aliuza maji."

Askari wawili wakasogea kumrudisha alikotoka. Hapo mkewe akapayuka kutoka nyuma: "Shika na la kushoto basi. Mvivu huyu, kila hatua ishirini lazima abadilishe bega."

Sajini akalishika la kushoto, akalibonyeza mara mbili, akakuta sugu ya pili, akacheka mpaka kola ikamtoka.

"Shukuru uvivu wako, shemeji. Pita."

Akaniambia niandike muuza maji, kisha akaenda kuosha mikono, akalimaliza birika zima kabla ya kumwita anayefuata.