Majani Yalipotoka Mazuri

Moshi wa tumbaku inayokaushwa huingia kwenye nguo ukakaa humo. Msimu ule, nyumbani kwetu Itetemia, hata uji ulinuka moshi. Bani la baba, chumba kirefu cha tofali ambamo majani yalitundikwa juu ya joto la kuni, lilikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, na kila aliyekwenda kisimani alipita mlangoni pake. Shangazi Regina, dada yake baba aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe, alipita kila siku, maana chumba chake kilikuwa nyuma ya bani.

Majani yakitoka ya manjano, baba alisifu kuni na kumwongezea nyama kaka yangu Kulwa, aliyechochea moto. Yakitoka na madoa meusi, alisimama mlangoni na kuuliza, "Nani kapita hapa?" Jibu lilikuwa la kweli kila mara: shangazi kapita. Kwetu waliamini kuna watu wenye mguu wa nuksi, na kufikia katikati ya msimu mguu huo ulikuwa umeshapata mwenyewe.

Jioni moja tukiwa tunakula, shangazi alisema, "Kaka, yakitoka mazuri mbona huulizi nani kapita? Na mimi nipate nyama." Kulwa alicheka mpaka akapaliwa. Baba hakucheka. "Regina, usifanye mzaha na jasho langu." Majani yalipoharibika tena, alimwambia ahame. Aliondoka asubuhi kwenda Puge, godoro limefungwa nyuma ya baiskeli. Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka kwamba godoro lilikuwa limeinamia upande mmoja.

Msimu uliofuata majani yalitoka na madoa. Baba alikitazama kile chumba kitupu, akasema, "Katuachia."

Siku hizi nafanya utafiti wa kilimo, Tabora mjini. Nikianza kuamini kwamba jambo fulani ndilo linaloharibu mazao, nawatafuta kwanza wakulima wenye jambo hilohilo ambao mazao yao yamestawi. Wenzangu husema nachelewesha kazi. Ni kweli, naichelewesha.

Mwezi uliopita kazi hiyo ilinifikisha Puge. Shangazi alikuwa uani, anapepeta mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Majani ya Kulwa yanatokaje siku hizi?"

Nikamwambia mengine yanatoka mazuri, mengine yana madoa. Akaokota jiwe kwenye ungo, akalitupa.

"Kama nilipokuwapo," akasema.