Neno Kuchochea

Hadi leo mtu akisema "chochea moto" nasikia kichefuchefu. Moto hauna kosa. Mwenye kosa ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, mtu mwenye meno mazuri na kinywa kichafu kuliko choo cha stendi.

Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ameolewa mtaa wa Rusimbi. Sonona ilimkalia mpaka akaacha kazi, akaacha kuoga, akawa anashinda kitandani ameelekea ukutani. Alimeza vidonge vya kila rangi, wapi. Ndipo daktari wa magonjwa ya akili akatuita, mama mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Alikuwa anafanya utafiti wa mashine ya sumaku kwa wagonjwa ambao dawa hazikuwasaidia. Mgonjwa anakaa kwenye kiti, yuko macho, kifaa kinawekwa juu ya kichwa na kinagonga kidogo kidogo, basi. Alisema wazi kwamba hana hakika kama kitamfaa kila mtu, na ndiyo maana anatafiti. Nilimpenda kwa hilo.

Aliponzwa na neno moja tu. "Tunachochea sehemu ya ubongo iliyolala," alimweleza shemeji. Shemeji akainama, mabega yakamtikisika. Mama wa watu akadhani analia, akampa kitambaa ajifute.

Hatujafika nyumbani, neno lilikuwa limeshavuliwa nguo. Alimpigia simu dada yake, ambaye kwa mdogo wangu ni wifi, na kwetu wifi ni mtani. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na anayekasirika ndiye anayeonekana hana adabu. Wifi akatupokea mlangoni: "Haya, mke wa kaka, umechochewa wapi leo, juu au chini?" Kesho yake wauza samaki wa migebuka sokoni walikuwa nalo. "Mawe we, mama wee! Nasi tupelekeni tukachochewe!" Wanawake wazima, wengine wamevaa rozari, wengine ushungi, wanapigana viganja juu ya mgonjwa. Nilitema mate pale pale.

Na huku matibabu yalikuwa yanashika. Baada ya kwenda mara kadhaa, mdogo wangu alianza kuoga bila kuambiwa. Siku moja nilimpelekea mgebuka wa nazi, akaonja, akausukuma. "Dada, umeutia chumvi au unaukausha?" Nilitaka kulia kwa furaha. Mtu aliyekuwa hajali kama anakula mchanga sasa alikuwa analalamika.

Halafu shemeji akamtoa kwenye matibabu. Daktari alinipigia simu akiuliza kwa nini haji, kwani dozi haijakamilika na akiachia njiani anaweza kurudi alikotoka. Nafasi yake bado ipo, alisema, lakini haiwezi kukaa wazi siku zote.

Nikaenda Rusimbi. Shemeji alinikaribisha chai, mchangamfu kama mwenye harusi.

"Amepona, shemeji. Mbona anacheka?"

Akamwita mdogo wangu sebuleni. Wifi, aliyekuwa anaosha vyombo uani, akapaza sauti: "We mchochewa, umeamkaje?" Mdogo wangu akacheka. Kicheko kilitoka kwa wakati wake, meno yote nje, na macho yamekodolea ukuta. Kilipokwisha, uso ukabaki mtupu.

"Unaona?" Shemeji alisema. "Yule mama ni fundi."

Nilikiweka chini kikombe cha chai. Nilimwambia huko si kupona, na kwamba yeye na dada yake wananuka. Hakukasirika hata kidogo. "Utani tu, shemeji. Kwenu hamtaniani?" Naye akacheka, na wifi uani akacheka, nami ndiye niliyeonekana nimeharibu asubuhi ya watu.

Nilimfuata mdogo wangu chumbani. Alikuwa ameshalala, ameelekea ukutani, kanga ileile ya juzi.

"Vaa, twende. Daktari anakusubiri."

"Nikienda wataniimba njia nzima."

"Waimbe. Na wewe acha kuwachekea."

Alijivutia kanga mabegani. Kisha akageuza kichwa, akanitazama kwa uchovu, kama mwalimu anayerudia somo kwa mtoto mzito.

"Dada, nisipocheka watasema ugonjwa umerudi."