Korongo Aliyeshinda kwa Mama Masika

Naona haya kuanza, lakini afadhali mlisikie jambo hili kwangu mwenyewe, maana pale Butembo kila mtu ana namna yake ya kulisimulia na zote zinanifanya mjinga kuliko nilivyokuwa (na nilikuwa mjinga wa kutosha). Tangu siku ile hakuna anayeniita Kakule. Naitwa Korongo.

Shule niliiacha mapema, si kwa kuchukia kujua bali kwa kuchoka kukaa. Nimesukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, nimeuza betri Kamango, nimechoma matofali Kayna, na kila mahali naondoka nikishaelewa kazi inavyokwenda. Mwisho nikapata kazi iliyonifaa: kukaa kando ya kinamasi kilicho chini ya Mutwanga na kuhesabu ndege. Aliyeniajiri ni Docteur Katungu, binti wa Butembo aliyesomea ndege, na kati ya ndege wote aliyemnyima usingizi ni korongo mmoja mweupe, mwenye pete ya kijani mguuni na kimashine mgongoni, kidogo kama kiberiti, kinachokula jua na kutuma habari mpaka kwenye ordinateri (kompyuta) yake. Docteur akiwa Butembo anajua korongo amelala wapi.

Ni kazi hiyo iliyomfanya baba yake Kahindo, msichana ninayetaka kumwoa, akubali kunisikiliza. Baba Paluku ni shemasi wa kanisa letu, hanywi, hacheki, na alikuwa amesema mtu asiyetulia hapati binti yake. Lakini nikiwa nalipwa kukaa mahali pamoja, basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi familia yetu ilete mbuzi wa mahari.

Asubuhi moja nikakikuta kile kimashine kwenye matete, ukanda umekatika, korongo mwenyewe amekwenda zake. Agizo lilikuwa moja tu: mpigie docteur saa hiyohiyo. Simu yangu ilikuwa imezimika. Nikaamua nimpelekee kwa mkono, na kwa kuwa kinakula jua, nikakishona juu ya kofia yangu kisije kikafa njiani. Uamuzi wenyewe ndio huo, na mpaka leo sioni ubaya wake, ubaya ulikuja baadaye.

Nilipanda pikipiki hadi Beni, kisha pickup, nikafika Butembo Ijumaa jioni, bureau ya docteur imefungwa. Nikapata chumba kwa Mama Masika, mwenye nganda, kilabu cha pombe, upande mwingine wa mji, mbali na macho ya Baba Paluku, na siku ile alikuwa anafukia ndizi shimoni ziive za kasiksi, pombe ya ndizi. Sasa niambieni, ningeondokaje bila kujua pombe ile inatokeaje? Nikangoja ziive, nikasaidia kukamua, nikangoja ichache, nikaonja. Akaanza nyingine, nikaona si haki kuhukumu kwa mara moja (docteur mwenyewe ndiye aliyenifundisha kurudia hesabu). Siku zikawa kumi, na kadiri zilivyozidi ndivyo maelezo yalivyozidi kuwa magumu, basi nikaacha kuyatafuta.

Ndipo ukatangazwa mkutano katika ukumbi wa kanisa letu: Docteur Katungu ataonyesha safari za korongo, na chifu wa upande wa kinamasi anakuja kusikia, kwa sababu watu wake wanataka kukikausha walime mpunga. Nikaenda. Ningekosaje? Baba Paluku alinipa mkono mlangoni.

"Kakule! Ulipanda huku Butembo lini?"

"Leo asubui, baba."

"Muzuri. Mutu wa kazi anaonekanaka."

Nikakaa nyuma karibu na mlango, kofia magotini.

Docteur akawasha mashine, ukutani ikatokea ramani yenye nukta nyekundu. Akaeleza kwamba korongo ameacha kinamasi, jambo ambalo hajaliona kamwe, na amefuata barabara. "Anafuata barabara kabisa," akasema. "Na kila fasi ya barrière, anasimama dakika kidogo."

"Hata ndege nayo inasimamaka ku barrière?" akauliza mzee mmoja. Watu wakaguna kwa huruma, maana hakuna asiyejua kusimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani.

"Donc, amefika Butembo. Anatembea soko asubui. Kisha kila siku, ni siku kumi sasa, saa kumi na moja, anashuka hapa, anabakia mpaka asubui."

"Pale si kwa Mama Masika?" akasema mama mmoja wa kwaya.

"Weye unajua aje kwa Mama Masika?" akauliza mume wake.

"Watu banasemaka."

Docteur akasema labda ndege anapata chakula pale. Mume yule akasema chakula hapana, pale hapajawahi kuwa na chakula.

Hapo docteur akasogea karibu na ordinateri yake, uso ukambadilika. "Mungu wangu. Sasa hivi iko... ndani ya salle hii."

Watu wote mia na zaidi wakainua vichwa. Baba Paluku akachukua fagio akaanza kugonga dari, polepole, kwa adabu, kama anabisha hodi. Mama mmoja akafunika mtoto wake. Mimi pia nilitazama juu, maana nilifikiri mtu asiyetazama ataonekana.

Chifu peke yake hakutazama. "Docteur, tunashukuru. Ndege ilishahamia mujini, donc ile marais ya kule chini haina kazi. Kesho tunachimba mifereji."

Docteur akaangalia ramani yake. "Kama data inasema vile," akajibu taratibu, "miye siwezi kukatala."

Mlango ulikuwa hatua mbili. Ningetoka, ningetupa kofia mferejini, Jumamosi mbuzi wangefika, na kule chini wangechimba. Nilikifahamu kinamasi kile zaidi ya mahali pengine popote nilipowahi kukaa, na hilo lilinishangaza mwenyewe. Nikasimama, nikavaa kofia.

Aliyeelewa wa kwanza ni Kahindo, aliyekaa mstari wa mbele. Aliweka mikono usoni.

"Siku kumi?" akauliza Baba Paluku, fagio bado mkononi.

"Kumi, baba. Nilikuwa najifunza kasiksi."

"Na ulijua kuitengeneza?"

"Najua yote, baba."

Docteur alikata uzi wa kofia kwa mkasi mbele ya watu, bila kunitazama, kisha akafuta nukta zangu moja moja. Iliyobaki, ya mwisho ya korongo mwenyewe, ilikuwa katikati ya kinamasi. Chifu aliitazama muda mrefu, akasema sawa, watangoja msimu mmoja, waone kama ndege atarudi.

"Na miye nitangoja musimu ule ule," akasema Baba Paluku. "Korongo wa pete akirudi, mbuzi inakuja. Asiporudi, nitajua asiyetulia ni asiyetulia." Akamgeukia docteur. "Ile machine, inaweza kufungwa ku shingo ya mutu?"

Inaweza. Ninayo shingoni ninapoandika haya kando ya kinamasi, na kila jioni Kahindo anakwenda bureau kuangalia nukta yangu. Ameniambia kwa simu kwamba haisogei, kisha akacheka, basi nami sisogei. Nimeapa sitashona tena kitu cha mtu kwenye kofia yangu, na kofia yenyewe nimeigawa.

Korongo wameanza kufika wiki hii, wengi. Nawaangalia tangu alfajiri. Shida ni kwamba wanapenda kusimama majini, na pete iko mguuni.