Kundi la Mwisho

Nilikuwa katibu wa kamati ya maji ya kijiji chetu, upande wa Kakese, mwaka tulipopewa kisima kimoja cha pampu. Sehemu za kukichimba zilikuwa mbili: senta, karibu na shule, au ng'ambo ya kijito, ambako kaya ni chache na watu huvuka kuja kuchota huku kwetu.

Mradi uliotupa kisima ulimleta binti mmoja na kompyuta yenye programu ya kupanga hoja. Kila hoja ina kisanduku chake, kijani cha kuunga mkono sehemu fulani, chekundu cha kuipinga. Watu walisema, mimi nikafupisha, yeye akaandika. Kioo kilipojaa akaniomba nizipange zinazofanana katika makundi, maana wenyeji nawajua mimi.

Nilijiona hodari. Nina kidato cha nne na nimeandika mihtasari ya vikao miaka mingi. Nikaunda kundi la udongo, la ulinzi wa pampu, la idadi ya watumiaji. Kikabaki kisanduku cha mama mmoja mjane wa ng'ambo, wa familia zilizotoka Burundi zamani. Alikuwa amesimama akaeleza kwa kirefu habari ya gogo wanalovukia na ndoo. Nikaona hiyo ni hoja ya daraja, si ya kisima. Nikafungua kundi la nne, nikaliita Mengineyo, kama tunavyomalizia ajenda.

"Mzee," binti akasema, "kama haina wenzake, iache peke yake tuione."

Nikamjibu kwamba nilianza kuandika mihtasari yeye hajazaliwa. Akacheka, akaniachia.

Siku ya mkutano wa kijiji makundi yalionyeshwa ukutani yakiwa yamefungwa, yanaonekana majina tu. Nilifungua moja baada ya jingine nikayasoma. Tulipofika Mengineyo watu walishaanza kuinuka, mpunga ulikuwa ukiwangoja. Nikasema hayo hayana uzito, sikulifungua. Wakanyoosha mikono, senta ikashinda.

Masika iliyofuata mama yule aliteleza juu ya gogo, ndoo ikiwa kichwani. Nyonga ilivunjika. Hadi leo hatembei bila kushikwa mkono. Kisima kingechimbwa kwao, asingekuwa na sababu ya kuvuka. Hilo ndilo alilokuwa akitueleza, na mimi niliyepewa kazi ya kumsikiliza sikulisikia.

Nilikawia kwenda kumwona. Nilipokwenda nilichukua karatasi ya hoja zilizochapwa, nikidhani nitamwonyesha kwamba yake haikupotea. Nilimkuta amekaa mkekani, anachambua maharage. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, si la kamati. Hakubisha, wala hakunifariji.

"Katibu," akasema, "siku ile nilisema mengi. Nisomee."

Nikafunua karatasi, nikatafuta kundi la mwisho, chini kabisa.

"Njia mbaya," nikasoma.

Akaacha maharage, akasubiri niendelee.